Jina Lililomezwa Njiani

Ol Kalou
14 Januari 2025

Kwa Mzee Kipyego,

Hunijui. Mimi naitwa Waithira, mke wa Wachira, na nina duka dogo hapa Ol Kalou la nyuzi, vifungo na yunifomu za shule. Watu wa hapa huniita Mama Duka. Wiki iliyopita Vivian, binti wa dada yangu anayeishi Eldoret, alinitumia kwa simu rekodi ya kipindi cha redio ambapo ninyi mliokuwa mkiendesha ambulensi siku zile za machafuko baada ya uchaguzi wa 2007 mlikuwa mkikumbuka mliyoyaona. Vivian alidhani nitafurahi tu kusikia Burnt Forest ikitajwa, kwa maana tuliishi huko miaka kumi na miwili tukilima viazi.

Nilikuwa nampimia mteja nyuzi. Nikakusikia ukisema, "Kulikuwa na msichana wa kama miaka sita, sweta yake ya kijani, mkono mmoja umemaliziwa na nyuzi nyeupe." Mteja ananiambia nilikaa chini sakafuni. Mimi sikumbuki kukaa.

Ile sweta niliifuma mimi, Mzee. Nyuzi za kijani ziliniishia kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, na duka la nyuzi lilikuwa limefungwa kwa sababu ya uchaguzi. Nikamalizia na nyeupe, nikijiambia Mwaka Mpya ukipita nitafumua nirekebishe. Huyo mtoto ni wangu.

Siku hiyo mimi na Wachira tulikuwa Nakuru, tumepeleka viazi, na barabara ikafungwa tukiwa huko. Mtoto alibaki na nyanya yake, mama ya Wachira. Walitoka nyumba ikiwaka wakapotezana shambani, kwenye moshi. Nyanya alimwona kwa mbali akipandishwa gari jeupe lenye king'ora. Alikufa mwaka wa 2015 akiwa na hakika kwamba mjukuu wake aliokoka.

Tulimtafuta. Tulisoma orodha za hospitali, za kambi ya wakimbizi pale Showground, za makanisa, na zile nyingine ambazo mtu husoma akiwa amefumba jicho moja. Wachira alizisoma mara tatu, mimi mara nne. Jina lake halikuwa popote.

Kwenye redio ulisema ulimkabidhi kwa manesi akiwa anapumua, na kwamba unaamini sasa ni mwanamke mzima. Nataka kujua jambo moja tu. Yuko wapi?

Jina lake sitaliandika hapa. Miaka hii nimeletewa wasichana wawili walioitika hilo jina. Mmoja alikaa kwangu wiki mbili, akila chapati zangu na kuniita mama, mpaka mama yake wa kweli akaja kumchukua. Tangu hapo silitaji. Nitalitaja siku nitakayojua lilipo sikio lake.

Nampa Vivian akuletee barua hii hadi Yamumbi. Watu wa redio wamemwelekeza.

Waithira


Yamumbi, Eldoret
2 Februari 2025

Mama,

Sijui nikuite Mama nani, kwa hivyo naandika Mama tu. Unisamehe sikupiga ile namba aliyoniachia Vivian. King'ora kilikula masikio yangu. Kililia juu ya kichwa changu miaka ishirini na sita, na sasa mtu akinipigia nasikia nyuki tu. Lakini barua naisoma bila miwani, hapo bado mimi ni kijana.

Nilikuwa dereva wa zahanati ya misheni. Umekaa Burnt Forest, basi unaujua ukungu wa pale, jinsi unavyolala barabarani asubuhi kama ng'ombe aliyekataa kuondoka. Siku hiyo ukungu na moshi vilishikana nikashindwa kujua kipi ni kipi. Maghala ya mahindi yalikuwa yakiungua taratibu, na harufu yake ilikuwa ile ya mahindi ya kuchoma. Nilisikia njaa, Mama. Nyumba za watu zinaungua na mimi tumbo linaniuma kwa hamu. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata kwenye redio.

Watu husema kulikuwa na kelele nyingi. Kwangu siku ile haina sauti. Nakumbuka ng'ombe mmoja akivuka lami na pazia la maua limenasa kwenye pembe zake, anatembea polepole, kama anaenda harusini. Nakumbuka mlango umesimama peke yake, umefungwa, na nyumba haipo. Halafu nikamwona mtoto. Alikuwa anatoka katika shamba la viazi, na alikuwa anafuata mtaro katikati ya matuta, anainua mguu vizuri, kama mtu aliyeonywa asikanyage.

Hakuwa na jeraha. Alikuwa anakohoa tu. Nikamweka kiti cha mbele. Nyuma nilikuwa na mzee mmoja wa kwetu aliyevunjika mguu, ambaye alisikia yote na akayanyamazia yote, Mungu amlipe.

Unajua jina lilikuwa nini siku hizo. Vijana wetu waliziba barabara kwa magogo na mawe, na swali lilikuwa moja: unaitwa nani? Jina lilitaja kabila lako, na jibu lilitosha kukuvusha au kukumaliza. Kabla ya kizuizi cha kwanza nikasimamisha gari kando ya barabara. Nikamwuliza jina lake, akaniambia. Nikamwambia, "Hilo limeze. Usiliteme mpaka nikuambie. Leo wewe ni Chepkorir, na mimi ni baba yako." Nikamfundisha salamu yetu, chamgei, na namna ya kuijibu. Mara ya kwanza ilimkwama. Mara ya tano aliiimba, akigongagonga kiti kwa kisigino. Tukarudia mpaka ikalainika. Kizuizi cha kwanza tukapita. Cha pili pia tukapita.

Jina lake la kweli alinitajia mara hiyo moja tu na sikulishika. Nimelitafuta miaka yote hii. Huwa anakuja ndotoni akiwa na yunifomu. Mwaka mmoja yuko darasa la tano, mwaka mwingine yuko sekondari, amekuwa mrefu, ana soksi nyeupe. Anafungua mdomo anitajie, na hapo king'ora kinaanza.

Mengine yamefunikwa na ule ukungu. Nikiyapata nitakuandikia.

Kipyego


Ol Kalou
17 Februari 2025

Mzee Kipyego,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta na nikafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sijafanya tangu nilifungue.

Asikanyage viazi. Nilimwonya kila siku ya Mungu. "Pita kwenye mtaro, viazi vinaumia." Nyumba inaungua nyuma yake, na yeye bado ananisikiliza. Nililia, halafu nikacheka, halafu Wachira akaja akanikuta nacheka na akadhani nimeugua.

Kumbe tulikuwa tunasoma orodha vibaya. Mara saba tumepita jina la mtoto wetu bila kujua, kwa sababu lilikuwa limeandikwa Chepkorir. Nimeshamtuma Vivian azunguke makao ya watoto yote ya Eldoret aulize msichana wa jina hilo aliyeletwa Januari 2008. Mtoto wa miaka sita husahau haraka. Kama aliambiwa asiliteme mpaka baba amwambie, na baba hakurudi, basi bado amelimeza. Yuko mahali anaitwa Chepkorir na hajui kwa nini kijani kinamvuta.

Nina hasira na wewe pia, niseme ukweli. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Halichaguliwi, linarudi. Yule mtoto alikuwa mama mkwe wangu aliyerudi akiwa mdogo. Akikosea nilikuwa nashindwa kumchapa, nitachapaje mama mkwe? Ulipomwambia alimeze, ulifunga watu wawili mdomo kwa mara moja. Najua ulikuwa unamwokoa. Najua, na bado nina hasira.

Nimeanza kufuma. Kijani. Safari hii nimenunua nyuzi za kutosha mikono miwili, na zitabaki. Kipimo nakisia kwa mwili wa Vivian, maana wanalingana umri. Wachira ananikataza, ananiambia mtu hafumi sweta ya mtu ambaye hajamwona. Mimi nimefika kwapani.

Niandikie yule nesi alikuwa nani.

Waithira


Ol Kalou
20 Machi 2025

Mzee Kipyego,

Mwezi mzima sijapata neno kutoka kwako. Sweta imekwisha.

Vivian amempata. Anaitwa Chepkorir, anauza dawa katika duka moja la mjini, ana miaka ishirini na mitatu, na alilelewa na mama wa kambo. Hajaambiwa kitu. Vivian amemtazama tu huku akijinunulia dawa ya kikohozi ambayo haihitaji, na anasema ana paji la uso la Wachira.

Ninakuja Jumamosi ya tarehe tano Aprili. Nitaingia pale dukani na sweta mkononi na nitamwita kwa jina lake la kwanza. Naomba uwepo. Wewe ndiwe uliyemwambia alimeze, na wewe ndiwe wa kumwambia sasa aliteme.

Waithira


Yamumbi, Eldoret
25 Machi 2025

Mama Waithira,

Pokea salamu. Wewe hunijui lakini jina langu umeliandika mara nyingi. Mimi ndiye Chepkorir. Mzee Kipyego ni baba yangu, na mimi ni kitinda mimba wake, niko nyumbani kwake sasa nikingoja kujifungua mwezi wa sita.

Tafadhali usiende kwa yule dada wa duka la dawa. Ni mtoto wa watu, mama yake wa kambo namjua, tumesali naye kanisa moja. Usimvalishe sweta. Nakuomba hivyo kama mtoto wako.

Baba hajakuandikia kwa sababu tangu barua yako ya Februari ifike amekuwa akikaa nje kwenye kiti, kofia usoni, akisema anaota jua. Mvua ikinyesha pia anaota jua. Jana nikachukua barua zako mwenyewe nikazisoma. Adabu mbaya, najua. Nilipofika pale ulipoandika jina langu, nikaelewa kitu ambacho nimekizunguka tangu nikiwa mdogo.

Tuna shamba mahali panapoitwa Ziwa. Kwenye kona ya juu, karibu na ua, kuna kipande ambacho Baba halimi. Trekta ikija anasimama pale yeye mwenyewe ili dereva asikisogelee. Kila Januari huenda peke yake, anapalilia, anarudi na matope magotini. Mama yangu, kabla hajafariki, alituambia ni mahali pa kuheshimu na tusiulize. Mwaka nilipokwenda kutafuta kitambulisho, nilipekua sanduku la Baba nikitafuta cheti changu cha kuzaliwa. Nikapata kibali cha mazishi. Chepkorir Kipyego, msichana, miaka sita, Januari 2008. Kwa karatasi za serikali mimi ni marehemu. Nilikirudisha nikafunga sanduku. Nikajidanganya kwamba kuna Chepkorir mwingine aliyekufa kabla yangu, ingawa mwaka ule mimi nilikuwa hai na nilikuwa na miaka sita.

Jana nikaketi mbele yake nikamwandikia kwenye daftari kwa herufi kubwa, maana hasikii: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. NI NANI AMELALA ZIWA? Alisoma, kisha akaniambia nimletee kalamu.

Barua yake iko ndani ya bahasha hii. Sijaisoma. Usiisome ukiwa peke yako, na usiisome ukiwa umesimama.

Chepkorir


Yamumbi
24 Machi 2025

Mama,

Mtoto wako alifariki. Nimeanza na hilo ili usilitafute chini.

Sikukudanganya kuhusu ukungu, ila nilijificha ndani yake. Sasa nakuambia yote.

Kizuizi cha tatu kilikuwa kikubwa. Kijana mmoja alifungua mlango wa upande wake akamwuliza mwenyewe, sio mimi, "Unaitwa nani?" Akajibu, "Chepkorir," halafu kabla ya kuulizwa kitu akawaamkua wote, "Chamgei," kwa ile sauti ya kuimba. Wale vijana walicheka. Walikuwa na mapanga na walicheka kama ndugu zake. Mmoja akampa kipande cha mahindi ya kuchoma. Alikishika hadi hospitali, hakula punje.

Pale mlangoni hospitali nesi aliuliza jina. Nyuma yangu walikuwa wamesimama vijana kutoka barabarani, wameleta majeruhi wao. Nikasema, "Chepkorir Kipyego, mtoto wangu." Nesi akaandika. Nikamwambia mtoto nitarudi kesho, na kesho atalitema lile jina. Akanijibu, "Haya, Baba." Alikuwa anapumua. Hilo la redio ni kweli.

Kesho yake nilitumwa kwingine, na kesho kutwa pia. Niliporudi siku ya tatu, yule wa mochari alinishika mkono, akaniambia, "Pole, Mzee, kwa mtoto." Alikuwa ameaga alfajiri iliyofuata ile siku. Daktari alisema mapafu yalikuwa yameshiba moshi, na hata ningemfikisha mapema isingesaidia. Mimi sikumwamini. Nilisimama kando ya barabara dakika kumi nikimfundisha salamu. Dakika kumi, Mama, nimezibeba miaka kumi na saba.

Waliniletea karatasi nitie sahihi. Ningesema si wangu, wangeniuliza ni wa nani. Ningejibu nini? Jina nilikuwa nimemwambia alimeze, na mimi nikalisahau. Angebaki pale na namba mguuni, kisha angezikwa na wasiojulikana. Nikatia sahihi. Nilimpeleka Ziwa na mke wangu, tukamzika asubuhi, mimi na yeye na ndugu yangu mmoja. Ana sweta yake. Majirani niliwaambia ni mtoto wa familia.

Kwa nini sikukutafuta? Mwaka wa kwanza niliogopa mapanga. Mwaka wa pili niliogopa polisi, kwamba nimezika mtoto wa watu kwa jina la uongo. Baada ya hapo nilikuogopa wewe. Hukuwa na sura wala jina, lakini nilijua uko mahali unasoma orodha, na mimi ndiye niliyeziharibu. Ndipo nikaanza kumkuza ndotoni. Nilimpandisha darasa kila mwaka. Siku ya redio waliponiuliza yuko wapi, nilijibu kutoka ndotoni.

Ukitaka kunishtaki, anwani yangu unayo. Ukitaka kumchukua, nitachimba mimi mwenyewe, kwa mikono. Ukitaka kuja tu, Chepkorir atakuonyesha njia, na mimi naweza kuondoka siku hiyo ili usinione.

Naomba kitu kimoja ambacho sistahili. Alikuwa anaitwa nani?

Kipyego


Ol Kalou
4 Mei 2025

Mzee Kipyego,

Imebidi nipumzike wiki nne baada ya kutoka Ziwa ndipo niweze kushika kalamu. Na kabla ya Ziwa kulikuwa na zile siku ambazo sikutaka kukuona. Wachira alikusamehe kabla yangu. Wanaume husamehe haraka kwa sababu hawakufuma kitu.

Nilikuchukia kwa ile Januari ya kwanza uliyoacha ipite. Ungetuma neno wakati ule, mama mkwe wangu angekufa akijua. Hilo sijalimaliza na sikudanganyi kwamba nimelimaliza. Nikilimaliza nitakuandikia.

Lakini umenipa pia vitu ambavyo sikuwa navyo. Sikujua kwamba alicheza na kuimba njiani. Kwa miaka kumi na saba nilimwona akilia tu, kila nikifumba macho analia. Sasa namwona akigonga kiti kwa kisigino. Zile dakika kumi unazojilaumu, Mzee, mimi ndizo nazishika. Mtu wa mwisho kucheza na mtoto wangu ni wewe. Daktari alisema ukweli, nami namwamini kwa niaba yako.

Wachira alitaka tumhamishie Ol Kalou. Siku ile pale kwenye kona nilimwambia hapana. Kwangu alikaa miaka sita, kwako amekaa kumi na saba, na pale panaota maua ya mwituni na hapajawahi kukanyagwa. Tena nyanya yake angesema mtu hahamishwi akiwa amelala.

Sweta nilikuwa nimeileta nimwekee juu. Nilipomwona Chepkorir wako amesimama kwenye upepo wa shamba na lile tumbo, nikamvalisha yeye. Ilimkaza katikati, lakini mikono ilimtosha yote miwili. Usimwambie nilimlinganisha na mtu. Anajua.

Sasa nikuambie jambo ambalo lilinifanya niandike. Pale kaburini nililitaja jina. Nilipiga magoti nikalisema kwa sauti ya chini, mara mbili, kwa sikio lake. Nikakuona nyuma yangu umeweka kiganja kwenye sikio lako, umeinama mbele, mdomo wazi, unatafuta. Hukusikia. Wachira alitaka alirudie kwa nguvu usikie, na nikamkanyaga mguu. Nilifurahi kwamba hukusikia, Mungu anisamehe. Niliona ni haki yako kukosa. Furaha hiyo ilinikaa wiki moja, halafu ikaanza kunichachia.

Kwa hivyo nakuandikia, maana barua unasoma bila miwani.

Anaitwa Waiyego.

Waiyego wa Wachira, jina la nyanya yake. Uliandike wewe pale Ziwa, usimpe fundi. Mkono uliotia sahihi lile lingine ndio uandike hili. Na hutakuwa tena na sababu ya kusema hujui uniite Mama nani.

Mama Waiyego


Yamumbi
29 Juni 2025

Mama Waiyego,

Nimeandika hivyo hapo juu mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuandika hapa, kwa kuogopa kulikosea.

Jiwe liko tayari. Nililichonga kwa siku nne, na mstari wangu umepinda kidogo kuelekea chini mwishoni, kwa sababu nilianza na herufi kubwa mno. Chepkorir anasema linasomeka. Ndoto haijarudi tangu barua yako ifike. Nilidhani nitaifurahia nafuu hiyo, lakini nakiri pengo la yule msichana naliona. Nilikuwa nimeshamzoea.

Chepkorir alijifungua msichana tarehe kumi na saba. Wote wako salama. Alizaa akiwa nyumbani kwangu, kwa hivyo jina la mtoto limetoka kwetu. Sijui kama uliwahi kuona tunavyofanya, ulipokaa Burnt Forest. Akina mama wa ukoo hukaa na mtoto na kuita majina ya wazee waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Nilipolisoma lile neno lako, kwamba kwenu jina halichaguliwi, linarudi, nilicheka. Miaka hiyo yote ya kuchomeana nyumba, na ugonjwa wetu ni mmoja.

Basi wakaita. Wakamwita mama yangu, kimya. Wakamwita nyanya ya mke wangu, kimya. Wakamwita mke wangu mwenyewe, mtoto akapiga miayo, na nikaona hiyo ni yeye kabisa, lakini miayo haihesabiwi. Majina yakaanza kuisha. Dada yangu, ambaye ndiye mkubwa wa shughuli hizi na hapendi kuharakishwa, akaanza upya.

Chepkorir alikuwa amejilaza kitandani na ile sweta yako ya kijani mabegani. Akasema, "Mwiteni Waiyego."

Dada yangu akamwambia huyo si wa ukoo.

"Amelala kwetu miaka kumi na saba, kwa jina langu," akamjibu. "Yeye ni wa ukoo gani basi?"

Haya yote nilihadithiwa baadaye, maana nilikuwa nimesimama mlangoni na masikio yangu haya. Niliona tu midomo ya dada yangu ikikataa, kisha ikatengeneza neno ambalo nilikuwa nimelichonga kwenye jiwe siku nne na ningelitambua hata gizani. Chafya sikuisikia. Nilikiona kichwa cha mtoto kikiruka, na wanawake wote wakageuka kunitazama mimi.

Dada yangu anasema ni vumbi, tulikuwa tumepukuchua mahindi mchana ule. Hatujabishana naye.

Chepkorir anakuuliza kama unaruhusu, na mimi nakuuliza pia. Tumekungoja. Tangu siku ile tunamwita "mtoto" tu, hatujalitumia jina bila neno lako. Usitujibu kwa barua. Njoo na Wachira, uingie ndani, na uwe wewe wa kwanza kumwita. Ita kwa nguvu, ili na mimi nisikie.

Kipyego